Manowari Moja Haitoshi

Wanachuo wenzangu, ubishi wa manowari za kubeba ndege umeshakuwa kama wa Simba na Yanga: mtu anachagua upande kwanza, hoja anazitafuta baadaye. Na kila siku tunaishia palepale, eti ipi kubwa zaidi?

Kama ni ukubwa, ubishi umekwisha. USS Gerald R. Ford ya Marekani ina tani kama 100,000, inaendeshwa kwa nyuklia na inarusha ndege kwa mtambo wa sumakuumeme. Fujian ya China, iliyoanza kazi 2025, ina mtambo wa aina hiyohiyo, ila haina nyuklia. Lazima ijazwe mafuta. HMS Queen Elizabeth ya Uingereza, tani kama 65,000, haina mtambo wa kurusha kabisa: ndege zake za F-35B zinarukia kwenye mwinuko wa mbele. Charles de Gaulle ya Ufaransa ni tani kama 42,000 tu, lakini ina mitambo ya mvuke, kwa hiyo inarusha hata ndege ya rada. Waingereza kazi hiyo wanaiachia helikopta. Hapo ndogo imeipita kubwa.

Lakini mimi nina swali la kwanza kabla ya hayo yote: meli ikiharibika, nani anashika zamu? Charles de Gaulle ilipoingia matengenezo makubwa mwaka 2017, Ufaransa ilikaa zaidi ya mwaka bila manowari ya kubeba ndege, maana wanayo hiyo moja tu. Agosti 2022, HMS Prince of Wales iliharibika punde tu baada ya kutoka Portsmouth. Queen Elizabeth ikaenda badala yake. Februari 2024 zamu ikageuka: Queen Elizabeth ikakwama, Prince of Wales ikaziba pengo. Kwa hiyo mbili za kawaida nazipa alama kuliko moja ya ajabu iliyolala gudini.

Mtasema haya yanatuhusu nini. Yanatuhusu, kwa sababu kesho baadhi yetu tutakaa kwenye vikao vya kupitisha bajeti. Tukizoea kushangilia urefu na tani, tutanunua kitu kikubwa cha kupigia picha, bila kuuliza fungu la vipuri na mafundi liko wapi. Tuanze kuuliza sasa hivi, hata kwenye ubishi wa bwenini.