Barua kutoka ukingo wa Rhine

Ndugu zangu wa Mbarali, Iringa na Dar es Salaam,

  Leo sina habari za karatasi wala za kutuma hela. Nataka tuzungumze mambo ya mto.

Kutoka hapa Mannheim, ng'ambo ya pili ya Rhine, upande wa Ludwigshafen, kuna kiwanda cha kemikali cha BASF kilichoenea kilometa za mraba kama 10. Shehena yake kubwa huja na kuondoka kwa matishari. Mwaka 2018 mvua zilikatika, na Oktoba kipimo cha maji cha Kaub, ambacho manahodha hukitazama kabla ya kupakia, kikasoma sentimeta 25. Matishari yakawa yanapita na mzigo kidogo tu, na kiwanda kikalazimika kupunguza uzalishaji. Hasara ilifika kama euro milioni 250. Hakuna adui aliyevuka mpaka; ni maji tu yaliyopungua. Baadaye kampuni ikaagiza meli maalumu ya kupita maji madogo, ikaanza kazi mwaka 2023.

Msidhani watu wa huku walizaliwa na adabu ya mito. Tarehe 1 Novemba 1986 ghala la Sandoz karibu na Basel liliungua. Maji ya kuzimia moto yakasomba sumu za kuulia wadudu, Rhine ikawa nyekundu, mikunga wakafa kwa maelfu. Mwaka uliofuata nchi za bonde hilo, ambazo baadhi yake miongo minne tu nyuma zilikuwa zikipigana vita, zilikubaliana mpango wa pamoja, na viwanda vikatakiwa kujenga mabwawa ya kukinga maji ya ajali yasifike mtoni. Walioshika kalamu walishikishwa na hofu, tena hofu ya maana: watu wa chini ya mto huyanywa maji hayo.

Sasa turudi kwetu, kwenye mto Ruaha Mkuu. Tangu 1993 unakatika karibu kila kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, viboko wanabanana kwenye vidimbwi vya tope. Mto huohuo hujaza mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu, kisha huungana na Rufiji, ambako mitambo tisa ya Bwawa la Nyerere inatakiwa itoe megawati 2,115. Mwaka 2006 maji ya Mtera yalipopungua mno tukaingia kwenye mgawo wa umeme, mgawo ukazaa mkataba wa umeme wa dharura na kampuni ya Richmond, na kwa kashfa ya mkataba huo Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu Februari 2008. Mkataba ule umejadiliwa mpaka basi. Ukame uliofungua mlango wake haujadiliwi.

Maji yakipungua, kamati za ulinzi na usalama humkimbilia mfugaji, maana ng'ombe wanaonekana kwa mbali. Kwenye bonde la Usangu, juu ya mto huo, wafugaji waliondolewa mwaka 2006, na 2008 ardhioevu ya Ihefu ikaingizwa kwenye Hifadhi ya Ruaha. Ng'ombe wakaenda zao, mto ukaendelea kukauka. Juu kule mabanio ya kuchepushia maji mashambani yapo palepale, na ipo mifereji inayovuta maji hata mpunga ukishavunwa, yakaishia kwenye majaruba matupu na majani. Simlaumu mkulima mdogo. Mfereji wa udongo hauna mlango wa kufunga, na kuutengeneza ni fedha ambayo hana.

Fedha iko viwandani. Mwenye kiwanda cha Dar es Salaam hulipia dizeli ya jenereta bila kusita, lakini ukimwambia achangie milango ya mabanio ya Mbarali atakuona umechanganyikiwa, wakati mashine zake zinategemea maji hayohayo. Kwangu mimi, kiwanda kikubwa kinachotumia umeme wa bonde la Rufiji kilipaswa kuwa na mtu wake kwenye vikao vya Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji pale Iringa, tena mwenye mamlaka ya kutoa hela, asiwe ofisa uhusiano wa kupigwa picha na mche wa mti.

Shemeji wa Ubaruku, hili nakuachia wewe. Una mashine za kukoboa mpunga, unaheshimika, na jumuiya ya watumia maji iko jirani. Nenda kikao kijacho. Uliza ni mabanio mangapi yana kipimo, nani anakisoma, na mwezi wa Agosti yanafunguliwa kwa idhini ya nani. Majibu nitumie kwa simu, hata kama ni ya kuudhi.

Ndugu yenu,
Mannheim