Ukurasa wa Mwalimu: Usiku wa shida, tumwite nani?

Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya polisi. Najua kuna watu wakisikia neno hilo tu wanafunga mlango. Wazee wetu wengi wametoka mahali ambapo mtu mwenye bunduki alikuwa anakuja kutafuta pesa, siyo kusaidia. Na mtoto akilia, tunamwambia nini? "Nyamaza, polisi atakuja akuchukue!" Sasa mtoto huyo akikua na akapata hatari ya kweli, atamkimbilia nani?

Nitachukua mfano wa Kigali. Vijana wetu wengi wanakwenda huko kusoma na kutafuta kazi, na utaratibu wa Kigali ndio wa nchi nzima.

POLISI HII ILITOKA WAPI?

Polisi ya Taifa ya Rwanda ilianzishwa tarehe 16 Juni 2000. Makao yake makuu yako Kacyiru, Kigali. Kabla ya hapo kulikuwa na vikosi vitatu: gendarmerie chini ya jeshi, polisi ya komini chini ya bourgmestre, na wapelelezi wa wizara ya sheria. Kila kikosi kilikuwa na mkubwa wake.

Shida ya utaratibu huo ilionekana mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Komini ya Taba haikuwa mbali na Kigali. Bourgmestre wake, Jean-Paul Akayesu, ndiye aliyekuwa anaamuru polisi wa komini. Watu walikimbilia ofisi yake wakitafuta usalama, wakauawa, na polisi walikuwepo. Mahakama ya Arusha ilimtia hatiani tarehe 2 Septemba 1998. Alikuwa mtu wa kwanza kabisa kuhukumiwa na mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari.

Kwa nini narudisha habari hiyo ya uchungu? Kwa sababu inatufundisha kwamba polisi akiwa wa mkubwa mmoja, siku mkubwa huyo akiharibika, raia hana pa kukimbilia. Polisi anapaswa kuwa wa sheria na wa watu wote, mwenyeji na mkimbizi.

AMANI INA NGAZI

Polisi hawezi kulala katika kila nyumba. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Kwa hiyo Kigali kazi ya utulivu imepangwa kama ngazi, na ya kwanza ni jirani.

Usiku kuna irondo, yaani walinzi wa mtaa. Kigali familia zinachangia pesa ya irondo kila mwezi. Hao siyo polisi. Wakimkamata mtu wanapaswa kumkabidhi kwa polisi, siyo kumpiga. Wakikusimamisha usiku, usikimbie na usianze maneno makali. Salimia, toa kitambulisho chako cha mkimbizi, eleza unatoka wapi. Kijana anayekimbia gizani anageuka mwizi kabla hajafungua mdomo.

Kisha kuna mkuu wa mudugudu, anayejua nani amehamia na nani anagombana na nani. Kuna komite za usalama za raia zinazofanya kazi pamoja na polisi. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baada ya umuganda, watu wanakaa kikao. Hapo ndipo unasema, "Jamani, ile baa inapiga muziki mpaka saa nane za usiku, watoto hawalali." Jambo likisemwa mapema haligeuki vita. Wengine wanaona kikao ni kupoteza wakati, wanaondoka mara tu jembe likiwekwa chini. Halafu wiki inayofuata wanalalamika!

Mashauri kama deni, mpaka wa shamba au ugomvi wa mali yanaweza kwenda kwa abunzi, wapatanishi waliochaguliwa na watu. Hawalipishi. Huku kambini nasi tuna komite yetu na walinzi wetu. Mambo ya kuku aliyekula mahindi ya jirani yaishie hapo. Hayana haja ya afande.

Utakutana pia na DASSO, askari wa wilaya wenye sare yao. Na tangu 2018 upelelezi wa makosa unafanywa na ofisi inayoitwa RIB. Polisi analinda, anazuia na anakamata, RIB inapeleleza, mwendesha mashtaka anapeleka kesi, jaji anahukumu. Ukijua hivyo, huwezi kudanganywa na mtu anayekuambia, "Nipe kitu kidogo nifute kesi yako."

YASIYOMALIZWA NYUMBANI

Sasa nisikilizeni vizuri, wazazi, hasa hapa.

Kuna mambo ambayo hayapandi ngazi hiyo polepole. Mtu akimwaga damu, akimbaka mwanamke au akimharibu mtoto, hapana kikao cha familia! Tunajua inavyokuwa. Wazee wanakaa, upande mmoja unaleta mbuzi au pesa, wanasema "tusiaibishe ukoo." Mbuzi analiwa siku moja. Msichana anabaki na jeraha maisha yake yote, na yule aliyefanya anaendelea kutembea akitafuta mwingine.

Mwaka 2009 hospitali ya polisi ya Kacyiru ilifungua kituo kinachoitwa Isange. Hapo daktari, mshauri na mpelelezi wanapatikana katika nyumba moja, ili mama asieleze aibu yake mara nne kwa watu wanne. Msaada ni bure. Siku hizi vituo vya namna hiyo viko katika hospitali za wilaya pia, hata zilizo karibu na kambi.

Muda ni jambo kubwa. Dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi inatakiwa ianze kabla ya saa 72 kupita, na ikianza mapema zaidi ni bora zaidi. Usimwogeshe mtoto kwanza, usifue nguo zake. Zifunge kwenye karatasi au kitambaa safi, uende nazo. Ukisubiri mjomba afike kutoka mbali ili kikao kikae, dawa inakosa kazi na ushahidi unapotea.

NA ASKARI AKIKOSEA?

Siwezi kuandika juu ya polisi na wakimbizi halafu ninyamaze juu ya Kiziba. Mwanzoni mwa mwaka 2018 posho ya chakula ilipunguzwa kwa robo. Mwezi Februari wakimbizi wa Kiziba walitoka kambini, wakakaa mbele ya ofisi ya UNHCR mjini Karongi. Tarehe 22 polisi walifyatua risasi. Wakimbizi zaidi ya 10 walikufa. Polisi walisema askari wao walijeruhiwa kwa mawe. UNHCR ilisikitika na ikaomba uchunguzi ufanyike.

Kuna nyumba ambazo bado zina kiti kitupu tangu siku ile. Mtu wa nyumba hiyo akiogopa sare, tusimcheke. Naona wajibu uko pande mbili. Sisi tulete malalamiko kwa utulivu, kwa mdomo na kwa barua, tukiwa na wasemaji tuliowachagua. Nao wakubwa wasikilize kabla ya njaa kutoka barabarani. Askari aliyezoea kukaa na watu kwenye kikao anawajua kwa majina, na mtu unayemjua jina ni vigumu kumwelekezea bunduki.

Ukikamatwa, una haki ya kuambiwa kosa lako na kupata mtu wa kukutetea. Usitie sahihi karatasi usiyoielewa. Kama Kinyarwanda kinakushinda, sema wazi kwamba unataka Kiswahili. Ni lugha rasmi ya nchi hii tangu 2017, na polisi wengi wanakijua.

NAMBA ZA KUBANDIKA MLANGONI

112 – hatari yoyote, polisi
113 – ajali ya barabarani
166 – RIB
3512 – ukatili wa nyumbani na wa kijinsia
3511 – askari polisi akikuonea

Mfundishe mtoto namba 112 kama unavyomfundisha jina la baba yake. Na ile ya "polisi atakuchukua," tuiache kabisa.

YA KUZUNGUMZA JIONI

1. Katika nyumba yetu, nani anajua nyumba ya mkuu wa usalama wa mtaa wetu?
2. Ni ugomvi gani mwezi huu tungeweza kuumaliza na jirani bila kupiga kelele?
3. Binti yetu akipatwa na jambo baya, anaamini tutamsikiliza, au anaogopa tutamficha?

La tatu lijibiwe na binti mwenyewe, na baba anyamaze mpaka amalize.

Majibu yenu na maswali mengine nileteeni darasani baada ya masomo, au mpeni mtoto aje nayo. Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda. Amani ianze nyumbani kwako.

Mwalimu wenu