Kutu Kwanza, Rangi Baadaye

Mwaka jana, siku chache baada ya Iddi, nilikwenda Chwaka kumjulia hali dada yangu, nikaikuta nyumba imegawanyika pande mbili kwa sababu ya gari. Upande mmoja alikuwapo shemeji yangu, fundi wa mashine za boti, pamoja na mwanawe wa miaka kumi na sita. Upande wa pili alikuwapo dada peke yake, naye alitosha. Nyuma ya nyumba, chini ya banda la makuti, lilikuwa limewekwa juu ya magogo gari la michezo aina ya Datsun 240Z, lile la milango miwili, pua ndefu na mgongo wa kuinama. Halikuwa na magurudumu wala viti, na rangi yake ya kuzaliwa ilijulikana tu kwa kuinua zulia lililobaki ndani: rangi ya chungwa bivu.

Shemeji alilinunua Mombasa kwa mtu aliyekwisha kulichoka. Dada hakulalamikia ununuzi huo. Kilichomkera ni karatasi aliyoikuta mezani, imeandikwa kwa mwandiko wa kijana: rangi nyekundu ya kung'aa, rimu pana, usukani mdogo, eksozi yenye mlio, springi fupi za kulishusha gari chini. Na fedha za kununulia vitu hivyo zilikuwa zile za mwani, alizoziweka akiba ili aezeke upya chumba cha watoto, ambacho mvua za masika zilikuwa zikikigeuza birika.

"Kaka," aliniambia, "mie si fundi. Lakini nimetia mkono chini ya gari lile, nikautoa na kipande chake."

Akanionyesha. Kilikuwa kipande cha bati chembamba kama jani kavu, na kilipobanwa kwa vidole viwili kikawa unga mwekundu.

Si ajabu kwa mtu wa Afrika Mashariki kuzugwa na gari hili. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, na wazee wetu wengi walisimama kandokando ya barabara kuyatazama yakipita. Mwaka 1971 Datsun 240Z ya Edgar Herrmann na Hans Schüller ilichukua ushindi, na ya pili ikawa 240Z nyingine, iliyoendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Mwaka 1973 Mehta mwenyewe akashinda kwa gari hilo hilo, baada ya kulingana alama na Harry Källström, aliyekuwa pia katika Datsun, hata ikabidi itumike kanuni ya kuvunja sare. Kabla yao, mwaka 1965, Joginder Singh wa Kericho, aliyekulia katika kazi ya gereji, alishinda kwa Volvo iliyokwisha kutumika na dereva mwingine. Tangu 2003 kuna Safari ya magari ya zamani, na humo Datsun za aina hii zingali zinatifua vumbi. Shemeji anaijua historia hiyo kwa moyo, na kijana ameirithi.

Lakini vumbi la bara ni jambo moja, na chumvi ya Chwaka ni jambo jingine. Kutu ni chuma kinachoungana na oksijeni penye maji. Chumvi haikili chuma kwa meno yake yenyewe, kama wengi tunavyodhani. Huyafanya maji yapitishe umeme kwa wepesi, na kwa kuwa kutu ni kazi ya umeme mdogo usioonekana, mwendo wake huongezeka maradufu. Nyumba inayotazama ghuba hupokea unyevu wa chumvi usiku na mchana. Shemeji hayo anayafahamu kuliko mimi, maana kila jioni huisuuza mashine ya boti kwa maji matamu kabla ya kuifunika. Ama kweli mapenzi humsahaulisha mtu ufundi wake.

Hapa, msomaji, ndipo penye kiini cha ugomvi wa nyumba ile. Magari ya mbao tuliyoyazoea hapa Unguja, ambayo maseremala wetu huyajengea bodi juu ya lori, yana chasisi chini yake: mihimili mizito ya chuma inayobeba injini, ekseli na abiria. Ubao ukioza hung'olewa, ukapigwa mwingine, na safari ikaendelea. Datsun 240Z haikuundwa hivyo. Sakafu, kuta, paa na mihimili myembamba ya bati vimechomelewa pamoja vikawa mwili mmoja, na mwili huo ndio unaobeba. Ndiyo sababu gari zima uzito wake ni kama tani moja tu. Basi sakafu ikioza, gari limevunjika mgongo, hata likipakwa rangi ya dhahabu. Kile kipande cha bati mkononi mwa dada kilikuwa kipande cha mfupa.

Nilikaa baina yao jioni nzima kama kadhi asiye na cheti. Mwisho dada akaleta daftari la shule, akaandika mwenyewe. Paa la chumba litangulia. Fedha za gari zitatoka katika kazi za mashine za boti, na kila shilingi itaandikwa humo. Hakuna kitu cha kung'aa kitakachonunuliwa kabla gari halijaweza kusimama. Nalo neno la mwisho lilikuwa juu ya mwanawe: asiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja, hata kuokota spana. Sharti hilo nawe, msomaji, linakili popote ulipo. Jeki ni ya kuinulia. Ya kushikilia ni magogo imara au vigingi vya chuma, juu ya ardhi ngumu.

Waliianza kazi mahali pasipoonekana. Magari haya huoza kwa desturi chini ya betri, ambako tindikali hudondoka, kisha katika sakafu ya miguu, katika ile mihimili miwili ya chini, kwenye kingo za chini ya milango na katika matao ya magurudumu. Kijana alipita kila mahali kwa nyundo ndogo, akisikiliza. Bati zima hulia. Bati bovu hunyamaza. Siku tatu alichora duara kwa chaki, na alipomaliza, gari lilikuwa limejaa chaki kama ubao wa hesabu.

Vipande vidogo, kama vishikio, bawaba na vifuniko, vilisafishwa kwa njia ambayo napenda kuieleza kwa urefu, kwa kuwa ni rahisi na vifaa vyake vipo sokoni. Chukua pipa la plastiki, lijaze maji, koroga magadi kiasi cha vijiko vichache vya chakula kwa ndoo. Ning'iniza kipande chenye kutu katikati na ukifunge kwenye waya hasi wa chaja ya betri. Pembeni tumbukiza chuma kibovu, kisichogusana na kile cha kwanza, ukifunge kwenye waya chanya. Washa. Mapovu yataanza, na baada ya saa kadhaa kutu italegea iwe tope jeusi la kuondoa kwa brashi. Mapovu hayo ni hidrojeni, gesi inayolipuka. Kazi hii ifanyike uwanjani, mbali na moto na sigara, na chaja izimwe kabla ya kutia mkono. Chuma kisichoshika kutu kisitumike upande wa chanya, kwa maana hutoa sumu ndani ya maji. Springi na bolti ngumu za breki zisitiwe humo kabisa, kwani hidrojeni huweza kuzifanya ziwe rahisi kukatika.

Dada, aliyekuwa akitazama kutoka jikoni kwa uso wa mtu asiyehusika, aliuliza kwa nini nati ndogo zisirowekwe katika ukwaju, kama sinia za shaba zinavyosuguliwa. Wakajaribu. Asidi ya ukwaju ilizitoa nati safi kwa siku mbili. Zikasuuzwa kwa maji ya magadi, zikakaushwa na kupakwa mafuta mara moja, la sivyo zingeshika kutu upya kabla ya magharibi.

Sakafu ilikatwa mpaka kwenye bati zima. Wengi hukosea hapa: hukata kwanza, kisha hugundua kwamba mlango haufungi tena, kwa kuwa mwili umelala. Shemeji alilitegemeza gari kila upande, akapima nafasi za milango, akakata upande mmoja na kuujenga kabla ya kugusa wa pili. Tangi la petroli lilitolewa na kupelekwa mbali, betri ikafunguliwa, ndoo ya mchanga ikawekwa karibu. Mchomeleaji wa kijijini alipiga nukta fupifupi, akiruka huku na huko ili joto lisilipinde bati. Puti haikutumika kuziba tundu hata moja la sakafu. Puti ni ya kulainisha sura, haibebi uzito, na gari lililozibwa kwa puti ni sawa na mtumbwi uliozibwa kwa unga wa ngano. Kisha ikaja rangi ya msingi yenye zinki, na nta ya kunyunyizia ndani ya mihimili, huku vile vitundu vya kutolea maji vikiachwa wazi.

Injini, ambayo wengi huiogopa, ilisumbua kidogo kuliko vyote. Ni ya silinda sita, sentimita za ujazo 2,393, yenye kabureta mbili. Ilikuwa imekwama. Walitoa plagi, wakamimina mchanganyiko wa dizeli na mafuta laini katika kila silinda, wakaiacha wiki moja, kisha wakaizungusha taratibu kwa spana kubwa. Ilikubali siku ya nane.

Breki hazikupewa haraka yoyote. Gari hili lina diski mbele na ngoma nyuma. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, na katika gari lililolala miaka mingi maji hayo huwa yamekwisha kuzila silinda kwa ndani. Mipira yote, mabomba na silinda kuu vilibadilishwa. Vumbi la ngoma za zamani halikupulizwa kwa mdomo wala kwa pampu, maana breki za enzi hizo zilikuwa na asbesto, inayoharibu mapafu. Lilifutwa kwa kitambaa chenye maji na kitambaa kikatupwa ndani ya mfuko uliofungwa.

Mambo ya mapambo yalirudi mezani miezi mingi baadaye, na daftari likaletwa. Rimu pana zilikataliwa na shemeji mwenyewe: husugua matao, huzichosha beringi, na usukani wa gari hili, usiosaidiwa na pampu ya mafuta, huwa mzito. Usukani mdogo ungeuzidisha uzito huo. Springi fupi zilikufa mara tu kijana alipohesabu matuta ya kuvukia barabarani kutoka Chwaka kupitia Dunga hadi mjini. Kilichopita ni mikanda mipya ya usalama, shokapu bora, na viti vilivyoshonwa na fundi wa makochi kwa kitambaa kisichochemka juani.

Kila kilichobadilishwa kina mwenzake wa asili ndani ya sanduku, kimefungwa kwa karatasi ya mafuta. Hapo nilichangia neno langu. Januari 2020 huko Marekani, 240Z moja ya mwaka 1971, iliyotunzwa kama ilivyotoka kiwandani, iliuzwa mnadani kwa dola 310,000. Sikuwaambia ili wapate ndoto. Gari la Chwaka lina mishono mingi mno kwa bei hiyo. Niliwaambia ili wajue kwamba kinachotupwa leo hakinunuliki kesho. Upande wa pili wa habari ni huu: miaka ya 1990 Nissan yenyewe ilijaribu huko huko Marekani kuyakarabati magari haya na kuyauza, na mpango ukakoma baada ya magari yasiyofika hamsini. Kiwanda kizima kiliona kazi hii ni ghali. Dada aliandika hilo pembezoni mwa daftari na kulipigia mstari.

Jumapili iliyopita nilikwenda tena. Chumba cha watoto kina mabati mapya, na mvua ilipopiga usiku nililala humo bila kudondokewa. Asubuhi gari lilitolewa bandani, lingali na rangi ya kijivu ya msingi. Shemeji alishika usukani, dada akakaa kando yake na daftari mapajani, mkanda umefungwa. Wakaenda taratibu kwenye njia ya mchanga nyuma ya nyumba, nami na mpwa wangu tukifuata kwa miguu.

"Simama," dada alisema ghafla, bila kumwonya mtu.

Likasimama, sawasawa, bila kuvuta upande. Akaandika tarehe.

Rangi bado. Kijana anang'ang'ania nyekundu, baba yake anataka ile ya chungwa iliyokutwa chini ya zulia. Dada hajasema lolote, na wote wawili wanamngoja.