Dumuzi muue, wa msituni mwache

Ndugu mkulima, kila msimu wa mavuno naulizwa swali lile lile: "Bwana shamba, hakuna dawa inayomaliza wadudu wote?" Hata ingekuwepo, nisingekushauri uinunue.

Chukua dumuzi, yule tunayemwita Skania. Ni mbawakawa, yaani mdudu ambaye mabawa yake ya juu ni magumu kama ganda. Kwao ni Amerika ya Kati. Hapa nchini aligundulika Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, akaenea kwa kusafiri ndani ya magunia ya mahindi na makopa ya muhogo. Anaruka, na hata mbao za ghala anatoboa. Huyo hatatoweka leo wala kesho, na sina huruma naye. Mahindi yapukuchue, maana akiyakuta kwenye magunzi anastarehe. Yakaushe hadi unyevu usizidi asilimia 13. Ondoa masalia ya mwaka jana ghalani, kisha tumia mifuko isiyopitisha hewa, au dawa ya unga kwa kipimo cha kwenye pakiti.

Sasa panda juu, msituni Uluguru. Chini ya majani yaliyooza wapo mbawakawa wengine, wakimbiaji. Baadhi hawana mabawa ya kurukia, na hawapatikani mlima mwingine wowote duniani. Mahindi yako hawayagusi. Wengi hawajawahi hata kuchunguzwa kwa ajili ya orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo kutokuwemo humo si cheti cha usalama.

Tazama Bunduki. Zamani msitu wa kaskazini na wa kusini uliungana pale, ukafyekwa kwa mashamba, likabaki pengo. Ndege huenda akavuka. Mdudu asiyeruka, anayeishi kwa ubaridi na unyevu wa majani, atavukaje shamba lenye jua kali? Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru ilitangazwa mwaka 2008 na pengo likaingizwa ndani, lakini miti haioti kwa tangazo.

Najua mtasema bwana shamba anajali wadudu kuliko watu. Ardhi ni finyu, sibishi. Ila moto wa kuandaa shamba ukiingia msituni, dumuzi yuko salama ghalani kwako, anayeungua ni yule asiye na pa kukimbilia. Kama shamba lako linapakana na hifadhi, mwaka huu fyeka bila kuchoma, nyasi ziache ziwe matandazo, na usipulizie dawa upande wa msitu.