Malkia mmoja mrijani ni ukoo mzima

MAPEMA Aprili 2025, vijana wawili raia wa Ubelgiji, wote wenye umri wa miaka 19, walinaswa Naivasha wakiwa na takriban malkia 5,000 wa chungu. Wadudu hao walikuwa wametiwa ndani ya mirija 2,244 iliyozibwa kwa pamba. Wengi wetu tulicheka. Nchi iliyozoea kesi za pembe za ndovu na faru itamshtakije mtu kwa ajili ya mdudu?

Baadhi ya vyombo vya habari viliwaita siafu, jina ambalo si lao. Siafu huhamahama kwa misafara na kula nyama. Hawa ni chungu wavunaji, ambao huokota mbegu za nyasi na kuziweka akiba chini ya ardhi.

Tabia hiyo ndiyo iliyowaponza. Ulaya na Asia kuna watu wafugao chungu katika masanduku ya vioo kama wengine wafugavyo samaki, na anayeanza hushauriwa achague wavunaji kwa kuwa mbegu ni chakula rahisi, kisichooza upesi. Malkia naye hana makuu. Huruka msimu wa mvua mfano wa kumbikumbi, hupandwa angani, hutupa mabawa, kisha hujichimbia na kulea wanawe wa kwanza kwa akiba ya mwili wake, bila kula. Mrija wenye maji nyuma ya pamba humtosha kwa wiki kadhaa. Yanayomfaa mfugaji mchanga yanamfaa mlanguzi vilevile.

Ni kweli kwamba malkia wengi wapya hufa porini kabla ya kuanzisha kiota. Lakini anayefanikiwa hutaga mayai ya maelfu ya vibarua, na hakuna kibarua awezaye kushika nafasi yake. Anayemchukua malkia amechukua ukoo mzima, pamoja na kazi yake ya kusambaza mbegu na kupindua udongo.

Mnamo Mei 7, 2025, mahakama ya uwanja wa ndege wa JKIA iliwatoza faini ya Sh1 milioni kila mmoja au kifungo cha miezi 12. Shehena ilikadiriwa kuwa ya Sh1.2 milioni. Hapo ndipo penye kasoro. Huko Ulaya malkia mmoja hutangazwa kwa hadi takriban euro 200. Tuseme anauzwa nusu ya bei hiyo: 5,000 ni euro 500,000, zaidi ya Sh70 milioni. Kwa mizani hiyo, faini ni gharama ya biashara tu.

Itifaki ya Nagoya, ambayo Kenya ni mwanachama wake, inataka mali ya viumbe itolewe kwa idhini na faida igawanywe. Si ndoto. Huko Gede, wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke wamefuga vipepeo kupitia mradi wa Kipepeo tangu 1993, na pupa wao husafirishwa ng'ambo kihalali. Mkazi wa Naivasha, ambaye chungu hawa huruka shambani mwake, hajafunguliwa mlango kama huo.