Volani nyepesi sana si sifa ya gari

Kwetu, mutu akinunua gari anasifu kwanza volani: inazunguka na kidole kimoja! Kwa gari ya umeme, na hata kwa Prius na Vitz ambazo tunaziona kila siku katika miji yetu, sifa hiyo inaweza kuua.

Gari ya umeme haina injini ya kusukuma pampu ya mafuta ya volani kama gari za zamani. Anayemusaidia shofere ni mota ndogo ya umeme. Kwenye muti wa volani kuna kifaa kinachopima nguvu ya mikono. Kompyuta inasoma nguvu hiyo pamoja na mwendo wa gari, kisha inaamua mota isaidie kiasi gani. Wakati wa kuegesha sokoni, inasaidia sana. Kwenye kilometa 80 kwa saa inapaswa kusaidia kidogo, ili mikono isikie barabara na gari isiruke upande kwa kosa dogo.

Hesabu hizo ziko ndani ya programu, na kwa gari fulani fundi mwenye kompyuta anaweza kuzigusa. Muteja analalamika volani ni nzito, fundi anaongeza musaada kwa mwendo wote, wote wawili wanafurahi katika uwanja wa garaji. Lakini materemuko ya Ngomo, kati ya Bukavu na Uvira, si uwanja wa garaji. Pale kosa la kidole linakupeleka korongoni.

Tena mara nyingi ugonjwa uko pengine: tairi hazina upepo wa kutosha, rotule imekauka, batri ndogo ya volti 12 imechoka, ao kifaa kile cha kupima nguvu kilibadilishwa bila kuonyeshwa upya katikati yake ni wapi. Ukiongeza nguvu ya mota juu ya ugonjwa huo, unauficha tu. Mota inafanya kazi kupita kiasi, inapata moto, na kompyuta inapunguza musaada ili isiungue. Volani inakuwa nzito gafula, labda katikati ya kona.

Kuna pia wanaopenda kuchagua « Sport » wakifikiri tairi zitapinda haraka. Katika Tesla Model 3, kwa mufano, unabadilisha uzito wa volani tu. Cybertruck, iliyoanza kutolewa kwa wanunuzi mwisho wa mwaka 2023, ni jambo lingine: kati ya volani na tairi hakuna chuma, ni nyaya tu, na kompyuta ndiyo inaamua tairi zipinde kiasi gani.

Sisemi mafundi wetu wasiguse. Waguse, lakini waandike kwanza hesabu za kiwanda, wabadilishe moja kwa wakati mumoja, wajaribu polepole mahali patupu, na wamupe muteja karatasi. INPP inafundisha ufundi wa gari. Iweke somo hili mbele. Kobalti ya Kolwezi iko katika batri za gari nyingi duniani, na ni aibu gari hizo zikirudi kwetu tuzitengeneze kwa kubahatisha.

Na wenye kufanya kontrole teknike, wasiishie kwenye taa na breki. Alama ya volani ikiwaka kwenye tablo, gari isipewe karatasi.