KUZAA SI KOSA: WAACHENI WAMAMA WARUDI NYUMBANI



Mama mumoja wa mtaa wetu hapa Kivu alijifungua kwa kupasuliwa. Mtoto mwanaume, muzima. Majirani walifurahi, wakapika, wakapeleka chakula hospitali. Siku ya sita munganga akamwambia: «Mama, uko muzima, unaweza kwenda.» Leo ni wiki ya tatu na bado yuko pale. Walimutoa kwenye kitanda, analala kwenye mukeka katika chumba cha nyuma pamoja na wamama wengine wenye deni. Sentineli wa mulango anajua sura zao moja moja. Wakitoka kuanika nguo za watoto, anawafuata kwa macho.

Kosa lake ni gani? Alizaa, na bwana yake anasukuma chukudu. Ni hayo tu.

Angalieni vile hii mambo inatembea. Kila usiku anaolala pale unaongezwa kwenye fakture. Yaani anafungwa juu ya deni, na kufungwa kunazidisha deni. Bwana anaacha kazi juu ya kuleta chakula asubuhi na mangaribi. Na kama hasukumi, feza itatoka wapi? Karatasi ya kuzaliwa ya mtoto nayo imeshikwa. Lakini sheria inasema kuandikisha mtoto kwa Leta ni bure ndani ya siku 90. Siku zinahesabika. Mtoto hata jina halijaandikwa, tayari ana deni.

Tuongee sheria kidogo, maana wengi wanafikiri ni desturi ya kawaida. Katiba yetu, kifungu cha 17, inasema uhuru wa mutu ndiyo kanuni, kufungwa ni jambo la pekee, na hakuna mwenye kufungwa isipokuwa kwa sheria. Kifungu cha 47 kinahakikisha haki ya afya. Mukataba wa kimataifa wa haki za kiraia na za kisiasa, ambao inchi yetu iliingia tangu 1976, unakataza kumufunga mutu kwa sababu tu ameshindwa kulipa deni la makubaliano. Hospitali si gereza, na mukubwa wa hospitali si zuzi.

Tunajua watajibu nini. Watasema: «Tukiwaachilia wote, tutanunua dawa na nini?» Hilo swali ni la kweli, hatulikimbii. Wafanyakazi wengi wa afya hawalipwi na Leta, wengine wanapata prime kidogo tu, na mara mingi mushahara wao unatoka kwenye mufuko wa mugonjwa. Infirmiere anayemushika yule mama naye ana watoto wanaongoja kula. Wamasikini wawili wamewekwa uso kwa uso, na mwenye deni kubwa kuliko wote hayuko pale chumbani. Mwenye deni ni Leta. Kule Abuja mwaka 2001, viongozi wa Afrika waliahidi kuweka angalau 15% ya bajeti kwenye afya. Septemba 2023, Kinshasa, walizindua uzazi wa bure, wakaahidi kwamba utafika polepole mikoa yote. Tulipiga makofi. Lakini uzazi wa bure unaochagua mji na kuchagua materniti, kwa yule mama wa kwenye mukeka bado ni hotuba.

Wengine watasema ni vita. Vita iko, tunaizika kila siku. Lakini wamama walikuwa wanashikwa materniti mbele ya hii vita, na wanashikwa hata kwenye miji ambako hakuna risasi inayolia.

Sisi wenyewe pia tujiulize. Kila mara tunachangisha: mia tano huku, elfu moja kule, tunamutoa mama mumoja, tunapiga picha, tunarudi nyumbani. Kesho yake mwengine analala palepale. Kuchangia ni vizuri na hatutaacha. Lakini tusiwe wenye kulipa fakture ya Leta halafu tunanyamaza.

Kwa hiyo tunaomba, na tutafuatilia:

1. Wamama wote wanaoshikwa juu ya deni waachiliwe sasa, pamoja na karatasi za watoto wao. Deni lijadiliwe wakiwa nyumbani.
2. Serikali ilipe wafanyakazi wa afya, na ilipe materniti feza ya uzazi wa bure kwa wakati.
3. Orodha ya materniti zilizo kwenye programu ibandikwe wazi, pamoja na bei kwa zile ambazo haziko.
4. Parquet ikumbushe wakubwa wa hospitali zote kwamba hawana ruhusa ya kufunga mutu.

Na wewe kijana unayesoma: uliza kwenu, dada yako au jirani yuko wapi tangu azae? Nenda umuone. Uliza kwa heshima, usimutukane infirmiere, andika siku alizokaa, halafu utuletee. Nasi tutazipeleka mbele ya wenye kuhusika, na tutarudi mupaka watutolee jibu.

Tuko pamoja.